Mkutano uko Bayreuth, mshahara uko Dodoma

Swali: "Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fasihi, Dodoma. Ikisiri yangu imekubaliwa kwenye mkutano wa lugha na fasihi za Kiafrika utakaofanyika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mwishoni mwa Mei. Sijawahi kuvuka Afrika Mashariki. Waandaaji watanipa chumba kwa siku tatu na wamesema watanirudishia nauli nikishafika. Nianze na lipi, na mitego iko wapi?"

Hongera, Mwalimu. Mkutano wako unaandaliwa na chuo kinachojulikana, kwa hiyo nusu ya wasiwasi wangu umekwisha. Ungekuwa ule wa barua pepe zinazomsifu mtu asiyewajua na kumtaka alipe ada ya usajili ndani ya siku tatu, jibu langu lingekuwa mstari mmoja.

Lililonifanya nisimame katika barua yako ni nauli. Utaitoa wewe kwanza, wao walipe baadaye. Tiketi ya kwenda na kurudi Ulaya kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi ni mkopo, na marejesho ya vyuo vya Ujerumani hupita meza kadhaa kabla hela haijaingia. Wiki kadhaa baada ya safari ni jambo la kawaida. Kwa hiyo kabla hujagusa fomu ya viza, waandikie waandaaji leo hii. Waulize kama chuo kinaweza kukununulia tiketi moja kwa moja, kama chumba kitalipwa na wao au utalipa wewe, na bima ya safari ni ya nani. Usione haya. Watu waliozoea kualika wasomi kutoka Afrika wamelisikia swali hilo mara nyingi, na mara nyingi tiketi hununuliwa kupitia wakala wao bila shida yoyote. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunanyamaza, tunakopa, halafu tunanung'unika.

Wakisema haiwezekani, omba maandishi yanayotaja kiwango cha juu watakachorudisha, vielelezo wanavyotaka na namna watakavyolipa. Kwa kawaida watataka risiti halisi ya tiketi, pasi za kupandia ndege za kwenda na kurudi, na tiketi za treni. Vipande hivyo vya karatasi tunavyovitupa kwenye pipa la uwanja wa ndege ndivyo hela yenyewe. Vipige picha palepale, kisha vitie kwenye bahasha moja. Fomu yao ya madai itakuwa na nafasi ya IBAN, namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya. Benki za Tanzania hazitumii IBAN, na usijaribu kuitunga. Andika namba ya akaunti yako kama ilivyo, msimbo wa SWIFT wa benki (herufi zinazoitambulisha benki kimataifa), jina la tawi na anwani yake, kisha umwambie katibu wa mkutano uso kwa uso kwamba malipo yatakwenda nje ya Ulaya. Fomu ya ndani na fomu ya nje si moja, na hapo ndipo madai mengi hukwama.

Majibu hayo ndiyo yatakayoamua barua yako ya mwaliko isemeje, na barua ya mwaliko ndiyo mgongo wa maombi ya viza. Barua inayosema tu "tutafurahi kukupokea" haikufikishi mbali. Unataka barua yenye nembo na saini, itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, kichwa cha mada yako, tarehe za mkutano, mahali utakapolala, na nani analipa nini: nauli, malazi, chakula, bima. Ujerumani ina pia hati rasmi iitwayo Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji huisaini mbele ya mamlaka ya huko akiahidi kubeba gharama zako. Kwa mkutano wa chuo, barua iliyokamilika mara nyingi hutosha, lakini uliza mapema ubalozi unataka ipi, maana hati hiyo haipatikani kwa siku moja.

Sasa viza yenyewe. Ni ya Schengen, ya muda mfupi, na inakuruhusu kuingia nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja. Unaiomba kwa Ujerumani kwa kuwa ndiko unakokwenda, hata kama ndege yako itatua kwanza Amsterdam. Sheria inaruhusu kuwasilisha maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na ukihitaji uchunguzi unaweza kufika siku 45. Hesabu hiyo huanza ukishawasilisha. Muda wa kusubiri miadi haumo. Kwa mkutano wa mwishoni mwa Mei, jalada lako liwe mezani kwao Machi. Na kama wewe ni mtumishi wa umma, kuna kibali cha kusafiri nje ya nchi, kinachopanda ngazi kwa mwendo wake chenyewe. Hicho kianze wiki hii. Nimeona watu wenye viza mkononi wakisubiri saini ya ofisini.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Hayo mepesi.

Palipo pagumu ni hapa: ofisa anayeamua hakujui, anasoma makaratasi tu. Kwa hiyo makaratasi yote yaseme habari moja. Chukua kalamu uandike tarehe zako kwenye karatasi: kuondoka Dar, kufika, mkutano, kurudi. Kisha pitia mwaliko, ruhusa ya mwajiri, bima, nafasi ya ndege na malazi, uhakikishe zinalingana siku kwa siku. Wewe mwenyewe umesema chumba ni siku 3. Ukitua siku moja kabla na kuondoka siku moja baada ya mkutano, kuna usiku ambao haujulikani unalala wapi. Wekesha chumba kinachoweza kufutwa bila malipo kwa usiku huo, uweke uthibitisho kwenye jalada.

Taarifa ya benki ya miezi 3 ionyeshe maisha yako ya kweli: mshahara unaingia, kodi ya nyumba na michango inatoka. Usifuate ule ushauri wa vijiweni wa kuazima milioni kadhaa na kuzimwaga kwenye akaunti wiki moja kabla. Pesa iliyoingia ghafla bila maelezo inaonekana hata na mtu asiyejua Kiswahili. Kama kweli umeuza shamba au umepokea mkopo wa SACCOS, ambatisha hati. Baada ya hapo, onyesha kwamba una sababu ya kurudi: barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe uliyoajiriwa na siku unayotakiwa kuripoti kazini, hati za mshahara, ratiba ya vipindi vya muhula, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto kama unao. Ratiba ya vipindi watu huidharau, nami naipenda: inaonyesha kwamba Jumatatu fulani saa 2 asubuhi kuna wanafunzi darasani wanakusubiri.

Kuna jambo ambalo wasomi wengi hawalijui. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, lakini kanuni za viza za Umoja wa Ulaya zinawasamehe ada watafiti wanaokwenda kufanya utafiti au kushiriki semina au mkutano wa kisayansi. Usilizushie ugomvi dirishani. Waombe waandaaji waandike kwenye mwaliko kwamba unakuja kama mtafiti kuwasilisha matokeo ya utafiti wako, ambatisha cheti cha shahada ya uzamili na kitambulisho cha kazi, kisha uliza kwa upole wakati wa kuwasilisha. Kama maombi yanapokelewa na kampuni ya wakala, ada ya huduma ya wakala utailipa vilevile. Na nenda na hela yote mfukoni, maana uamuzi wa msamaha ni wao.

Bima: iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, katika eneo lote la Schengen, kwa siku zote utakazokuwepo. Kampuni za hapa nyumbani zinaiuza. Ongeza siku chache mbele. Tofauti ya bei ni ndogo, na ndege huahirishwa.

Tiketi usiinunue kabla ya viza, isipokuwa inayorudishiwa pesa. Ubalozi unataka kuona nafasi iliyowekwa, na wakala yeyote mwaminifu wa mtaa wa Samora, Dar, au Dodoma mjini anaweza kukuchapia.

Wakikunyima, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Inayojirudia zaidi kwa watu wetu ni shaka juu ya nia ya kurudi, na ya pili ni madhumuni ya safari kutothibitishwa. Zamani mtu alikuwa anaandikia ubalozi wa Ujerumani barua ya kupinga na kesi inaangaliwa upya. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025, ingawa utaona bado unasimuliwa kwenye makundi ya WhatsApp. Njia zilizobaki ni kwenda mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja au kuomba upya. Kwa mkutano wa siku 3, omba upya, ukiwa umeziba shimo walilolitaja. Ndiyo sababu nyingine ya kuwahi Machi.

Wakikupa, usiondoke dirishani kabla hujasoma kibandiko. Kuna tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na chini yake kuna idadi ya siku za kukaa, palipoandikwa "Dauer des Aufenthalts". Mara nyingi tarehe zinaenea zaidi ya siku ulizopewa, kwa kuwa huongezwa siku 15 za tahadhari endapo safari itasogea. Kibandiko kinaweza kuonyesha tarehe za wiki tatu na siku 7 tu za kukaa. Siku hizo 7 ndizo sheria, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Angalia pia herufi za jina lako. Kosa la herufi hurekebishwa palepale. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere saa 9 usiku hakuna wa kukurekebishia.

Njia. Ukiandika Bayreuth, wakala atakuletea Frankfurt. Mwambie atafute Nürnberg, mji wenye uwanja wa ndege ulio karibu na Bayreuth. KLM inaunganisha kutoka Dar kupitia Amsterdam, Turkish kupitia Istanbul, na ukishatua Nürnberg unapanda treni ya chini ya ardhi, U2, dakika 12 hivi mpaka stesheni kuu, kisha treni ya mkoa kwenda Bayreuth, kama saa moja. Safari yote hiyo imo ndani ya mtandao mmoja wa nauli, VGN, kwa hiyo tiketi moja ya mashine inafaa kwa U2, kwa treni na hata kwa basi la mjini. Ukitua Frankfurt, una zaidi ya saa mbili za treni ya kasi kabla hujafika hiyo Nürnberg. Ukipita Amsterdam, ukaguzi wa kuingia Schengen unafanyika hapohapo, na tangu Oktoba 2025 kuna mfumo wa kusajili wageni kwa picha na taarifa za kielektroniki badala ya muhuri. Foleni zinaweza kuwa ndefu, kwa hiyo kuunganisha ndege ndani ya saa moja na nusu ni kujitafutia presha.

Kwa treni za kasi kuna tiketi rahisi, Sparpreis, ambayo imefungwa kwa treni moja tu. Ndege yako ikichelewa na treni ikaondoka, tiketi hiyo imekufa. Treni yenyewe ikitazamiwa kukuchelewesha dakika 20 au zaidi kufika, kifungo hicho kinaondoka na unaweza kupanda nyingine. Nayo huchelewa sana, usiamini hadithi za saa ya Mjerumani. Kupanda bila tiketi faini ni euro 60, na kisingizio cha ugeni hakisaidii. Kitu kingine cha kuangalia ni kwamba baadhi ya treni zinazotoka Nürnberg kuelekea huko hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda huku na ya nyuma kule. Soma kibao kilicho kwenye behewa kabla ya kuketi, au muulize abiria mmoja tu: "Bayreuth?" Watakuonyesha.

Mpakani ofisa anaweza kukuuliza unakwenda kufanya nini, utalala wapi, utarudi lini na una fedha gani. Jibu kwa kifupi, na mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya malazi viwe kwenye karatasi ndani ya begi la mkononi. Simu huzima chaji wakati wa shida.

Usijaze begi vyakula vya zawadi. Ulaya hairuhusu msafiri kutoka nje kuingiza nyama wala maziwa, kwa hiyo samli na nyama kavu vibaki. Embe nalo linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havihitaji cheti hicho. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, tena mpaka kilo 20, ingawa jirani yako wa chumba anaweza kuwa na maoni tofauti. Zawadi salama ni vitabu, kanga, kahawa na viungo vilivyofungwa vizuri.

Shilingi haina kazi huko, kwa hiyo nunua euro kabla, za noti ndogo, utumie benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni na utunze risiti. Kadi ya benki iombee ruhusa ya matumizi ya nje na ya mtandaoni kabla hujasafiri. Mtego wenyewe ni huu: ukilipa mtandaoni, benki inatuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania. Laini hiyo isipokuwa hewani Ujerumani, kadi ni plastiki tu. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Dodoma, zima data yake, uiache ipokee SMS. Maduka madogo na ya mikate ya asubuhi bado hupenda fedha taslimu, na kadi za nje wakati mwingine hukataliwa.

Kwa intaneti, nenda kitengo cha TEHAMA cha chuo chako uulize kama mna eduroam. Ni mtandao wa vyuo duniani. Ukiuwekea akaunti nyumbani, simu yako inajiunga yenyewe ukifika kampasi ya Bayreuth. Lazima iwekwe kabla ya kuondoka. Laini ya Kijerumani husajiliwa kwa pasipoti, na kwa siku chache haina maana ya kuihangaikia. Chaja zetu za pini tatu za bapa haziingii ukutani kwao, kwani matundu yao ni mawili ya duara. Umeme ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo adapta ndogo ya Kariakoo inatosha.

Bayreuth ni mji mdogo na hutakuwa mgeni peke yako: Kongamano la Kiswahili limekuwa likifanyika huko tangu 1987, na Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika, ipo tangu 1981. Mwishoni mwa Mei mchana unaweza kuwa na jua zuri na usiku ukakung'ata, basi sweta na koti jepesi. Jua linazama baada ya saa 3 usiku, na kama wewe ni Mwislamu panga Magharibi na Isha mapema na ratiba ya chakula cha jioni. Saa zao wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Maduka ya Bavaria, jimbo lenye Bayreuth, hufungwa saa 2 usiku, Jumapili hayafunguliwi, na Mei na Juni zina sikukuu, Kupaa na Jumatatu ya Pentekoste, zinazofungwa vilevile. Nunua maji na mkate siku moja kabla. Maji ya bomba yananyweka. Chupa za plastiki usizitupe, dukani nyingi zinarudishiwa senti 25 kila moja.

Kwenye ratiba ya vyuo vya Ujerumani ukiona "10 c.t.", maana yake ni 10:15 kwa saa za kizungu, yaani saa 4:15 asubuhi kwa hesabu yetu, na "s.t." ni saa ileile kamili. Ukipewa dakika 20, mwenyekiti atakukata ya 20. Andaa mada ya dakika 17, uihifadhi kwenye flashi na kwenye barua pepe yako, kwa umbo la PDF, ili herufi na picha zisivurugike kwenye kompyuta yao.

La mwisho ni afya. Dawa zako za kila siku zibebe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu dawa nyingi tunazonunua hapa kwa maneno matupu, antibiotiki zikiwemo, huko haziuzwi bila cheti. Namba ya dharura ni 112. Ukishikwa na homa ukiwa Ujerumani, au hata wiki chache baadaye, mwambie daktari kabla ya lolote kwamba umetoka Tanzania na apime malaria siku hiyohiyo, maana kwao homa ya Mei ni mafua na wanaweza wasiifikirie. Na kama wakala atakupitishia Addis Ababa au Nairobi na ukasubiri zaidi ya saa 12, beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 ni ya maisha yote. Ujerumani hawataiuliza. Watakaoiuliza ni wetu, siku unarudi.